Arobaini ya Mumbai, hamsini ya Chennai: kulinganisha alama za kufaulu katika vyuo vya uhandisi vya India

Mtoto wa mama yangu mdogo alinitumia picha mbili kwenye simu. Zilikuwa barua mbili za udahili, zote za uhandisi wa umeme. Moja ni ya chuo kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Anna, Tamil Nadu; ya pili ni ya chuo kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Visvesvaraya, Karnataka. Chini yake akaandika: "Dada, Karnataka wanafaulu kwa 40, Chennai kwa 50. Si bora niende Karnataka?"

Sikumjibu siku ile. Nilikwenda kwanza kutafuta karatasi yangu ya matokeo ya mwaka wa pili, niliyoipata katika chuo kimoja cha India ya kusini, nikampigia picha mstari mmoja tu. Alama za ndani 34 kati ya 40. Mtihani wa mwisho 18 kati ya 60. Jumla 52. Mbele yake, herufi F.

Akapiga simu palepale. "Hamsini na mbili na umefeli? Si wanasema 40 inatosha?"

Ndiyo, wanasema hivyo, na hawadanganyi. Ila 40 ile ni mlango wa tatu, na mimi nilikwama kwenye wa pili. Kila mwaka vijana wetu wanaokwenda India kusoma uhandisi huulizana kuhusu namba moja, namba ya jumla, na kuichagulia chuo kama mtu anayechagua nyumba ya kupanga kwa kutazama rangi ya geti. Ninachoandika hapa ndicho nilichomweleza mdogo wangu kwa simu tatu ndefu, nikiwa nimekipanga vizuri zaidi.

Milango mitatu

Somo la darasani katika vyuo vingi vya uhandisi vya India lina alama 100 zilizogawanywa mara mbili. Kuna alama za ndani, zinazotolewa na chuo unachosoma: majaribio ya katikati ya muhula, kazi za nyumbani, maswali mafupi. Sisi Tanzania tumezoea kuziita kozi weki. Kisha kuna mtihani wa mwisho wa muhula, wa saa tatu, ambao katika vyuo vilivyo chini ya chuo kikuu kikubwa hutungwa na chuo kikuu chenyewe na kusahihishwa na watu wasiokujua.

Kufaulu kunaweza kudaiwa mahali patatu: kwenye alama za ndani peke yake, kwenye mtihani wa mwisho peke yake, na kwenye jumla. Kuna vyuo vikuu vinavyodai kote, na vingine vinaacha mlango mmoja wazi. Hapo ndipo tofauti ilipo. Hakuna alama moja ya kufaulu ya India nzima. Baraza la elimu ya ufundi, AICTE, huidhinisha kozi, na mtaala wake wa mfano wa 2018 ulipanga shahada ya uhandisi iwe na krediti 160. Tume ya vyuo vikuu, UGC, ilipendekeza madaraja ya pointi kumi, kuanzia O yenye pointi 10 hadi F yenye sifuri. Lakini vizingiti hivi kila chuo kikuu hujiwekea.

Hivi ndivyo vilivyosimama, kwa kanuni za miaka iliyotajwa kwenye jedwali, katika vyuo vikuu vinne ambavyo barua zake nimeziona mikononi mwa vijana wetu. Ni kwa masomo ya darasani tu. Maabara na miradi vina hesabu zake.

| Chuo kikuu na kanuni | Ndani | Mwisho | Kizingiti cha ndani | Kizingiti cha mwisho | Jumla ya kufaulu |
|---|---|---|---|---|---|
| Anna, Chennai (kanuni za 2021) | 40 | 60 | hakuna | 27 | 50 |
| Visvesvaraya, Belagavi (mpango wa 2022) | 50 | 50 | 20 | 18 | 40 |
| Jawaharlal Nehru (JNTU), Hyderabad (kanuni R22, za 2022) | 40 | 60 | 14 | 21 | 40 |
| Mumbai (mpango C wa 2019) | 20 | 80 | 8 | 32 | 40 |

Katika asilimia, mtihani wa mwisho unadai 45 Chennai, 35 Karnataka na Hyderabad, na 40 Mumbai. Pale Visvesvaraya karatasi yenyewe huandikwa kwa alama 100 kisha ikagawanywa, kwa hiyo anayepata 35 juu ya karatasi anahesabiwa 18 na kupita.

Jumlisha vizingiti viwili vya kila mstari uone jambo. Visvesvaraya, 20 na 18 ni 38, pungufu ya 40. Hyderabad, 14 na 21 ni 35. Maana yake, anayevuka milango miwili kwa kuparaza bado hajafaulu. Sharti apate alama mbili za ziada Karnataka, au tano Hyderabad, popote atakapozitoa. Mumbai 8 na 32 ni 40 kamili, hakuna deni linalobaki. Nimeona vijana wa Hyderabad wakishangilia 21 yao kabla hawajajumlisha.

Wanafunzi wawili, vyuo vikuu vinne

Jedwali lenyewe halimwambii mtu achague nini. Mdogo wangu alielewa nilipomwekea wanafunzi wawili na kuwapitisha kote.

Wa kwanza ni mchapakazi wa kila wiki. Hakosi jaribio, daftari lake linaazimwa na darasa zima, lakini chumba cha mtihani humtetemesha. Mpe asilimia 85 za ndani na asilimia 40 za mtihani wa mwisho. Karnataka anapata 43 kwa 20, jumla 63: kafaulu vizuri. Hyderabad 34 kwa 24, jumla 58: kafaulu. Mumbai 17 kwa 32, jumla 49: kapita juu ya ncha ya wembe, maana 32 ndiyo kizingiti chenyewe. Chennai ana 34 kwa 24, jumla 58, sawasawa kabisa na Hyderabad, ila Chennai amefeli. Kizingiti ni 27, na zile 34 zote za ndani haziwezi kumkopesha hata alama moja.

Wa pili ni yule anayeamka wiki mbili kabla ya mtihani. Kila chuo wapo, na wengine ni werevu kweli. Mpe asilimia 36 za ndani na asilimia 62 za mwisho. Chennai ana 14 na 37, jumla 51: kafaulu, kwa sababu hakuna anayemuuliza habari za ndani peke yake. Hyderabad ana 14 na 37 vilevile, kavuka kizingiti cha ndani bila hata alama moja ya akiba. Mumbai ana 7 na 50, jumla 57, na amefeli upande wa ndani kwa alama moja. Karnataka ana 18 kati ya 50, pungufu ya 20, na kule asiyetimiza alama za ndani haruhusiwi kuufanya mtihani wa mwisho wa somo lile. Ile 62 yake inabaki kichwani mwake, hakuna karatasi ya kuiandikia.

Kwa hiyo chuo kikuu chenye namba kubwa kuliko zote, 50, kinamwokoa huyu wa pili, na ndicho pekee kinachomwangusha wa kwanza. Nilimuuliza mdogo wangu: wewe ni yupi kati ya hao? Alinyamaza kwa muda. Lilikuwa swali gumu kuliko lile la 40 na 50, na hakuna mwingine wa kumjibia.

Nikiulizwa mimi, kwa kijana anayetoka kwetu, naogopa zaidi kizingiti cha ndani kuliko cha mwisho. Sababu ni ya kawaida tu. Muhula wa kwanza wengi wetu huchelewa kufika. Viza inachelewa, ada inachelewa kuvuka benki, mwanafunzi anaingia darasani wenzake wamekwisha kufanya jaribio la kwanza. Lafudhi ya mwalimu inachukua wiki kadhaa kuzoeleka. Mtihani wa mwisho unakukuta umeshatulia, lakini majaribio ya ndani hayakusubiri. Mahali ambapo alama za ndani ni nusu ya somo na zina mlango wake, mwezi mmoja wa kuchelewa unaweza kukugharimu muhula. Mahali ambapo hazina mlango, mwezi ule unaweza kufidiwa.

Upande mwingine wa hoja nauheshimu. Alama za ndani hutolewa na mwalimu anayekuona kila siku, na vyuo vingi havina haja ya kumwangusha mwanafunzi wake kwa alama za ndani. Ukihudhuria na kukabidhi kazi kwa wakati, 20 kati ya 50 si mlima. Mtihani wa mwisho ndio usio na macho. Kwa mtu anayejijua kuwa mwaminifu wa kila siku, Karnataka ni nyumba nzuri kuliko Chennai, na simbishii.

Sabini ya huko na sabini ya kwetu

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya wazazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam A huanzia 70, na vyuo vikuu vingi vya Kenya ni hivyohivyo. Mzazi akiona binti yake ameleta 70 kutoka Chennai anatarajia A. Kwa kanuni za Anna za 2021, 70 ni B+. A inaanza 71, A+ inaanza 81, na O, ya juu kabisa, inaanza 91. Hyderabad 70 ni A, lakini juu yake kuna A+ na O bado. Hii haina maana kwamba karatasi ya India ni nyepesi au ngumu. Mtindo wao wa kutoa alama ni tofauti, maswali mengi hutoka ndani ya mpaka wa sura zilizofundishwa, na mwenye kuandika kwa mpangilio, akichora mchoro na kuonyesha hatua za hesabu, huokota alama hata asipofika kwenye jibu. Kwa hiyo usimgombeze mtoto kwa B+ kabla ya kutazama ngazi anayoipanda.

Kuna na hesabu ya kugeuza GPA ya jumla kuwa asilimia, ambayo waajiri na vyuo vya shahada ya pili huitaka. Mtu mwenye 7.0 Anna huzidisha kwa kumi, anapata asilimia 70. JNTU Hyderabad hutoa 0.5 kwanza, kisha wakazidisha: asilimia 65. Visvesvaraya, kwa mpango wa 2018, walitoa 0.75: asilimia 62.5. Pointi ni zilezile saba, na mtu anayeomba kazi inayotaka asilimia 65 anakubaliwa upande mmoja, anapita kwa ncha upande wa pili na kukataliwa upande wa tatu. Kampuni nyingi zinazokuja vyuoni kuajiri huweka mpaka kwenye asilimia 60 au karibu yake, na hutaka mwombaji asiwe na somo linalodaiwa. Kufaulu kwa 40 katika masomo yote kunakupa shahada, lakini mlango huo wa ajira hutauona.

Ukianguka, unaangukia wapi?

Hili ningeliweka juu ya jedwali kama ningekuwa na ujasiri, kwa sababu linaamua mengi kuliko alama yenyewe. Wengi hupoteza somo moja au mawili katika miaka minne ya uhandisi. Hisabati ya mwaka wa kwanza pekee inatosha. La kuuliza ni kitakachofuata.

Kila jimbo lina jina lake kwa somo lililoanguka, na utalisikia siku ya kwanza bwenini. Tamil Nadu huita aria. Hyderabad na Kerala husema sapli. Karnataka ni baklogi. Mumbai ni KT, herufi mbili zinazotokana na ruhusa ya kuendelea na muhula huku ukidaiwa. Mwanafunzi wa Tanzania aliyezoea kusema amesapu au amebeba kariova atayaelewa yote baada ya wiki.

Chini ya Anna, aria hazimzuii mtu kupanda mwaka. Mradi mahudhurio yametimia, unaingia muhula unaofuata ukiwa na madeni yako, na unayarudia mitihani ya mihula ijayo. Una hadi miaka saba kumaliza shahada ya miaka minne. Hilo linapumzisha moyo, na pia ni mtego. Nimewaona waliofika mwaka wa nne na aria kumi na kitu, kila muhula wakifanya mitihani ya masomo mapya na ya zamani kwa pamoja, siku moja asubuhi na mchana. Na alama zao za ndani, zilizowasaidia majaribio ya mwanzo, hazihesabiwi milele. Baada ya majaribio kadhaa mtihani wa mwisho husimama peke yake na kudai asilimia 50. Daraja la kwanza la heshima kule, lenye GPA ya 8.5 na zaidi, halitolewi kwa aliyerudia mtihani, hata kama baadaye alama zake ziling'aa.

Agosti 2020, katikati ya korona, serikali ya Tamil Nadu ilitangaza kwamba wanafunzi waliokwisha kulipia mitihani ya aria wahesabiwe wamefaulu bila kuifanya. Furaha iliyokuwapo mabwenini haisimuliki. AICTE ikapinga, shauri likafika Mahakama Kuu ya Madras, na maelfu wakakaa miezi wakiwa hawajui kama wamefaulu au la. Nalitaja kwa sababu wapo bado wanaoamini kwamba aria husamehewa. Usipange masomo yako kwa kutegemea msamaha.

Karnataka, Hyderabad na Mumbai zina kizuizi cha kupanda mwaka. Visvesvaraya huweka kikomo cha idadi ya F unazoweza kuvuka nazo, ukizidi, unabaki. Hyderabad huhesabu krediti: usipofikisha sehemu iliyowekwa ya krediti za nyuma, unazuiliwa. Mumbai ina sharti moja linalokumbukwa na kila mwanafunzi wake, kwamba huingii mwaka wa tatu kama hujamaliza masomo yote ya mwaka wa kwanza.

Kwa raia wa India, kubaki mwaka ni aibu ya nyumbani na ada ya ziada. Kwa mtu wetu kuna viza na kibali cha kuishi vinavyohesabu miaka ya masomo, kuna mfadhili ambaye mkataba wake ni wa miaka minne, kuna tiketi ya ndege. Ndiyo maana siwezi kusema moja kwa moja kwamba mfumo wa Anna ni mwepesi na wa wengine mkali. Kwa mwanafunzi anayelipiwa na wazazi waliouza shamba, mfumo usiomzuia mwaka unampa nafasi ya kujikwamua bila kurudi nyuma. Kwa mwanafunzi anayejijua kuwa bila kusukumwa hasomi, mfumo unaomsimamisha mapema, mwaka wa kwanza, unamwokoa na madeni ya mwaka wa nne. Mimi mwenyewe ni wa aina ya pili. Ile F ya 52 ilinifundisha kuandika mtihani, na kama ningeachwa nipite nayo kimyakimya nisingejifunza mwaka ule.

Mahudhurio

Kabla ya milango mitatu kuna geti. Anna wanadai asilimia 75 ya vipindi, na huweza kumsamehe aliye kati ya 65 na 75 kwa sababu kama ugonjwa, ikiwa na ushahidi. Hyderabad ni hivyohivyo. Visvesvaraya wanadai 85, kwa msamaha unaoweza kushusha hadi 75. Chini ya hapo hakuna mtihani. Anayesafiri nyumbani kwa msiba na kukaa wiki tatu, jambo ambalo kwetu halina mjadala, arudi na barua, cheti, na kila karatasi yenye muhuri. Aongee na mkuu wa idara kabla ya kuondoka, si baada.

Mahali ambapo hakuna alama ya kufaulu

Kuna vyuo ambavyo ukiuliza alama ya kufaulu, jibu la kweli ni kwamba haijulikani hadi mtihani upite. IIT nyingi, yaani taasisi za teknolojia za serikali kuu ya India, na chuo binafsi cha BITS Pilani hupima mwanafunzi kwa kumlinganisha na darasa lake. Mwalimu huzipanga alama zote na kukata mipaka ya madaraja kufuatana na jinsi darasa lilivyofanya. Unaweza kupata 38 katika karatasi ngumu ukapewa daraja la kati, na ukapata 60 katika karatasi nyepesi ukawa wa mwisho.

IIT Bombay madaraja huanzia AA yenye pointi 10 hadi DD yenye 4, na FF ni kufeli. IIT Madras huanzia S yenye 10 hadi E yenye 4, na U ni kufeli. W humpata aliyepungukiwa mahudhurio. BITS huanzia A hadi E, na E hiyo ina pointi mbili tu. Mwanafunzi anatakiwa kubaki na GPA ya 4.5 au zaidi, na asikusanye E zaidi ya moja katika muhula. VIT, chuo binafsi cha Vellore, imechanganya: madaraja ya kulinganishwa, lakini kuna sakafu ya asilimia 40 katika mtihani wa mwisho na 50 katika jumla.

Mfumo huu unahusu watu wetu kwa karibu kuliko zamani, maana tangu 2023 IIT Madras ina kampasi Zanzibar, Bweleo, kampasi ya kwanza ya IIT nje ya India, ikiwa na shahada ya kwanza ya sayansi ya data na akili bandia. Kijana wa Unguja au Mombasa sasa anaweza kuingia katika utamaduni wa IIT bila kwenda India.

Mfumo huu nampendekezea nani? Mtu aliyekuwa wa kwanza shuleni na asiyeumia kuwa wa ishirini. Darasani mwa IIT kila mmoja alikuwa wa kwanza alikotoka. Kama kujilinganisha na wenzako kunakunyima usingizi, kizingiti kinachojulikana mapema, hata kikiwa cha juu, ni rafiki zaidi. Unaweza kukipigia hesabu. Darasa huwezi kulipigia hesabu.

Kabla hujalipa ada

Namba zote nilizotoa juu ni za chuo kikuu mama. Lakini vyuo vingi vizuri vilivyo chini yake ni otonomasi, yaani vimepewa mamlaka ya kujitungia kanuni, mitihani na vizingiti, huku shahada ikibaki na jina la chuo kikuu. RV College of Engineering ya Bengaluru iko chini ya Visvesvaraya lakini ni otonomasi. PSG College of Technology ya Coimbatore iko chini ya Anna nayo ni otonomasi. Kwa chuo cha namna hiyo, jedwali langu halitoshi. Tafuta kanuni za chuo chenyewe.

Na hata kwa vyuo visivyo otonomasi, kanuni ina mwaka. Mwanafunzi hufuata ile aliyoingia nayo hadi anamaliza. Kabla ya R22, Hyderabad walikuwa na R18, ambayo ndani ilikuwa 25, mwisho 75, kizingiti cha mwisho 26, na hakikuwapo kizingiti cha ndani kabisa. Kaka aliyeanza 2019 na mdogo wake aliyeanza 2023, chuo kimoja, kozi moja, wanapewa ushauri tofauti kabisa. Ushauri wa waliotangulia ni mzuri kwa mambo ya chakula, vyumba na mabasi. Kwa vizingiti, soma kanuni ya mwaka wako.

Mdogo wangu aliandika barua pepe fupi kwa ofisi za udahili za vyuo vyote viwili. Ilikuwa na maswali manne: kanuni ya mwaka gani itanihusu, kuna kizingiti cha alama za ndani peke yake, masomo mangapi ninaweza kudaiwa na bado nikapanda mwaka, na mwanafunzi wa kigeni aliyechelewa kufika hufanyiwa nini kwa majaribio ya kwanza. Chuo kimoja kilijibu baada ya siku mbili kwa kuambatisha kijitabu kizima cha kanuni. Cha pili kilijibu kwa kumtumia namba ya akaunti ya kulipia ada.

Alikwenda Chennai. Alifika wiki tano baada ya wenzake, akalikosa jaribio la kwanza, na muhula ule akapita masomo yote. Hisabati alipata 17 za ndani na 34 za mwisho.